Kandambili ya Bi Lamun

Kabla ya mwaka ule, mtu akitaka kufika kwa Bi Lamun aliambiwa tu: shika kichochoro cha mtoni, ukisikia kandambili ikigonga ukuta, hapo ndipo. Shabaha yake sijaiona kwa mtu mwingine. Atakuwa amesimama jikoni, mkono mmoja unakoroga sukari ya mvumo, mti jamaa ya mnazi, isishike chini, na mende akitokeza juu ya nguzo, mende wetu hawa wa mji wa Phetchaburi wenye rangi ya tende, wanaoruka wakijisikia, basi mguu utarusha kandambili juu, mkono wa pili utaidaka, na mende atakuwa chini kabla sukari haijapanda povu. Kisha anaivaa tena na kuendelea kukoroga, kana kwamba amejikuna.

Sisi tunaoishi kwa sukari tunaishi na mende, hatukuulizwa. Bi Lamun alipika vikeki vya mvuke vya tunda la mvumo, vya njano, na nazi iliyokunwa juu, na kwa vikeki hivyo alimlea mwanawe Prasong tangu baba yake alipofariki mtoto hajaota meno. Siku za ibada tulikwenda hekaluni pamoja. Alikuwa akipiga magoti na kuomba msamaha kwa mende wote aliowaua tangu ibada iliyopita, kwa mkupuo mmoja, bila kuahidi kwamba ataacha. Nilimsikia kila mara, maana Bi Lamun hajui kunong'ona. Akinong'ona, watu wa ng'ambo ya mto hugeuka.

Mimi ni jirani yake, ukuta wetu ni mmoja, wa mbao. Naitwa Sangiam, na kwa lugha yetu maana yake ni mtulivu. Wazazi nao hukosea.

Prasong alipooa alituletea Warin kutoka Korat, fundi cherehani, msichana wa maneno machache na mkono mzuri wa tundu za vifungo. Nyoka alimtoa uani kwa ufagio bila hata kubadilika sura. Lakini mende alikuwa hawezi. Utotoni mmoja alimwingia sikioni akiwa amelala, na tangu hapo akiona hata vipapasio tu alipanda juu ya kiti na kuita, "Mama!" Neno halijaisha kinywani, kandambili imeshafika. Watu wanasema mavyaa na mkazamwana ni paka na panya. Hawa wawili walipendana kwa njia hiyo, mmoja akiita na mwenzake akitupa.

Kisha Warin akaharibikiwa na mimba. Akaharibikiwa tena na ya pili, kubwa zaidi, ambayo tayari alikuwa ameishonea vishati. Bi Lamun alivifungasha vile vishati akavificha asikokujua hata yeye mwenyewe baadaye. Alimpikia uji wa mchele, akakaa pembeni ya kitanda akimpepea, na mimi nikiwa upande wangu wa ukuta nililia kuliko nilivyowalilia watu wa damu yangu.

Mimba ya tatu ilipofika, Bi Lamun alinichukua twende hekaluni, na haikuwa siku ya ibada. Akajitupa mbele ya sanamu ya Bwana Buddha, na nikasikia yote, mimi na mtumishi wa hekalu aliyekuwa akifagia nje.

"Mtoto wa Warin akizaliwa akalia, nitakuletea mayai ya kuchemsha, sinia tele. Lakini mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo naanza leo leo. Mpaka nimsikie akilia, mkono huu hauui kitu. Si mende, si mbu, si sisimizi. Na nyumbani kwangu sitamruhusu mwingine aue."

Tulipotoka nje nikamwuliza, "Shoga, si ungeahidi kuacha tambuu?"

"Tambuu naacha hata kesho. Nadhiri lazima iume."

"Basi mwambie Warin, ajue."

Akasimama katikati ya ngazi. "Sangiam, nikisikia umemwambia, sikusemeshi tena mpaka siku maiti yangu itakapochomwa. Akijua, kila sisimizi atakayemkanyaga ataona amemkanyaga mwanawe. Na Mungu apishe mbali, likitokea lolote, atasema ni yeye. Amebeba mtoto, inatosha. Huu mzigo ni wangu mimi."

Niliona ana haki. Nikafunga mdomo wangu, jambo ambalo lilinipa homa.

Masika yalikuwa yameanza, na masika ndiyo wakati mende wanapopanda kutoka mitaroni kuja kutusalimia. Kandambili ya Bi Lamun ikavuliwa ikawekwa chini ya ngazi, akawa anatembea pekupeku ili asijaribiwe. Warin akiita "Mama!" alikuja na bakuli la plastiki na kipande cha boksi, polepole, akimbembeleza mende kama mtoto aliyekataa kuoga. "Ingia baba, ingia, hapa si kwako." Akimfunika anampitishia boksi chini, anambeba hadi ukingoni mwa mto na kumwachia. Mende anaruka, anazunguka, anarudi. Mara nyingine hakurudi kwake. Alikuja kwangu.

"Bi Lamun, hawa mende wako wamehamia huku."

"Wapokee. Ni wageni hao."

"Wageni hubisha hodi."

"Basi waambie wabishe."

Alijaza majani ya mrampe kabatini, kwa sababu inasemekana mende hawapendi harufu yake. Mende wetu waliyalalia. Samaki alinunua waliokwisha kufa, akimwuliza muuzaji mara tatu kama kweli wamekufa wenyewe. Mbu akimtua shavuni alimpuliza. Kichochoro kizima kilimcheka, wakasema Bi Lamun sasa anataka kuwa mtawa, bado kunyoa tu.

Warin naye mwanzoni alicheka. Halafu akaacha. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Miaka yote mama huyu amekulinda, na sasa una mimba, miguu imevimba, hata juu ya kiti huwezi kupanda, ndiyo kwanza anawabeba mende kwa heshima na kuwaacha warudi. Akanunua dawa ya kopo, ya kupuliza. Kesho yake kopo halipo. Alimwuliza Bi Lamun, Bi Lamun akasema huenda panya wamelichukua. Kwa kusema uongo yule mama hafai kabisa.

Prasong anaendesha lori la chumvi, na wiki zile alikuwa safarini zaidi ya nyumbani. Kwa hiyo Warin hakuwa na wa kumweleza. Alinyamaza, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Asubuhi moja alikuja kwangu na kitambaa alichonishonea, akaketi sakafuni kwa shida, akainama kuokota sindano iliyomponyoka. Chini ya kitanda changu akaliona kopo lake la dawa.

"Shangazi, hili ni langu."

Nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Aliyenipa jina angefurahi.

"Mama ndiye aliyelileta?"

"Aliniomba nimwekee," nikasema.

Akalishika mapajani, akiligeuza geuza. "Nimeelewa. Amenichoka. Mara mbili nimempa matumaini, mara mbili nimemwangusha. Sasa hataki kuniambia niondoke, anaachia mende waniambie." Hakulia, na hilo liliniumiza zaidi. "Kesho naenda kwa mama yangu Korat. Nitajifungulia huko."

"Daktari si alikukataza safari? Alisema kutikiswa kule barabarani kutakuponza."

"Alinikataza pia kushtuka, shangazi. Mle ndani nashtuka kutwa nzima."

Alipotoka nilikaa nikiutazama ukuta. Nikisema, namsaliti rafiki yangu na kumtwika Warin mzigo aliofichwa. Nisiposema, anapanda basi na mtoto anaweza kuharibika njiani. Nililala na uamuzi kwamba kukicha nasema, na Bi Lamun asinisemeshe mpaka achomwe, potelea mbali.

Kulipokucha niliwahi kwao, nikamkuta Warin sebuleni amefunga sanduku. Bi Lamun alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi, sukari inaungua nyuma yake. Katika miaka yote sijamwona akiacha sukari iungue.

"Mwanangu, usiende," alisema. "Barabara ni mbaya."

"Nitakaa kiti cha mbele, mama."

"Nimekukosea nini?"

Warin akainama kuchukua kanga yake ya kuogea iliyokuwa kitini. Akaitikisa, na mende mkubwa akatoka ndani yake, akaruka, akamtua shingoni, pale pale chini ya sikio.

"Mama!"

Sijui kandambili ile aliipata wapi, yangu pengine, niliyoivua mlangoni. Ninachojua ni kwamba mkono wa Bi Lamun ulikuwa juu, umenyooka, ule mkono ambao haujawahi kukosea, na mende ametulia kabisa. Mkono ukasimama. Bi Lamun akaanza kulia kwa sauti, kandambili ikaanguka, naye akanyoosha vidole vitupu akamshika mende yule shingoni mwa Warin, taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine, kama anayenasua mwiba kwenye hariri. Akamtoa dirishani. Kisha akageukia upande wa hekalu, akaunganisha viganja juu ya paji la uso na kunong'ona kwa ile sauti yake: "Sikumwua. Umeona mwenyewe, sikumwua. Usimchukue."

Warin alikuwa amekaa sakafuni, mkono mmoja shingoni na mwingine tumboni. Naye amekulia kwenye nadhiri kama sisi, hakuhitaji kufasiriwa. Alimtazama mavyaa wake, akaitazama kandambili, akayatazama majani ya mrampe yaliyochomoza kabatini.

"Tangu lini, mama?"

"Nenda kaoge," alisema Bi Lamun. "Sukari yangu inaungua."

Nami nikaokota kandambili yangu nikarudi nyumbani bila kusema neno, na nadhani hiyo ndiyo siku pekee niliyolistahili jina langu.

Warin hakwenda Korat. Lile jambo hawakulizungumza tena, maana Bi Lamun hakutaka na Warin si msemaji. Lakini siku chache baadaye nilikuwa jikoni kwao nikikuna nazi, mende akatembea ukutani, mnene, bila haraka. Nilimwona Warin akifumba macho. Akayafumbua. Akachukua bakuli, jasho linamtoka, midomo imekauka, akamkaribia hatua kwa hatua, akamfunika. Akapitisha boksi. "Ingia baba," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezama. Akatoka naye hadi mtoni, tumbo mbele, bakuli amelishika mbali na mwili kadiri mikono ilivyofika. Bi Lamun aliinamia sufuria akakoroga kwa nguvu, machozi yakamdondokea ndani, na wateja wa siku ile walisema vikeki vilikuwa na chumvi kidogo.

Siku ya kujifungua Prasong alimpeleka hospitali, Bi Lamun akabaki nyumbani kwa sababu magoti yalimgomea. Tulikaa wawili sakafuni, simu katikati. Ilipolia, hakuuliza ni wa kike au wa kiume.

"Amelia?" akauliza.

"Mama, ni msichana, ana nywele..."

"Prasong, nimekuuliza, amelia?"

Prasong akaisogeza simu. Tukasikia kilio, chembamba, cha hasira, cha mtu aliyetolewa usingizini bila ridhaa yake. Bi Lamun alilaza kichwa chake sakafuni karibu na simu na kubaki hivyo hata baada ya simu kukatika.

Mende mmoja akapita karibu na mguu wake, kuelekea chungu cha sukari. Mimi nikaenda chini ya ngazi nikamletea kandambili yake, nikaipangusa vumbi. "Haya shoga. Umemaliza kifungo."

Akaitazama. Akamtazama mende.

"Leo hapana," akasema.

Mayai yalipelekwa, sinia tele, na kandambili ikarudi kazini, msije mkadhani tumekuwa watawa. Ila kila mwaka inapofika siku ya kuzaliwa mtoto, Duangjai, hakuna kinachouawa katika nyumba ile tangu jua kuchomoza mpaka kuzama, na anayeshika bakuli ni Warin. Bado anatetemeka. Na kwa kuwa wanaofukuzwa kule huja kwangu, siku hiyo na mimi sina ruhusa ya kuua, ingawa nadhiri sikuweka.

Mwaka huu, siku hiyo, nilisikia mlango wangu ukigongwa kwa chini, usawa wa goti. Duangjai alikuwa amesimama na bakuli, boksi juu yake, anaangalia kwa makini lisiteleze, na bibi yake na mama yake wamesimama nyuma kidogo, wanajifanya wanatazama mto.

"Bibi Sangiam, hodi," akasema. "Nimekuletea mgeni."

"Karibuni," nikasema, na nikafungua mlango wote.