Maji Yakoje, Fundi?

Kuna watu wakikosewa husamehe, wakajilalia usingizi wao. Klorini hakuwa mmoja wao. Jina hilo alibandikwa na watoto wa mtaa kwa harufu ya dawa iliyomganda mikononi, naye akalipokea, kwa kuwa kazi yake ndiyo hiyo: kusafisha mabwawa ya kuogelea ya majumbani. Alikuwa na nyumba nne mtaa mmoja. Aliyoipenda kuliko zote ni ile ya Bibi, na ndiko huko huko alikotimuliwa.

Bibi alikuwa amevuka sabini, nywele nyeupe pe, magoti hayamtaki. Nchi kavu alitembea na mkongojo huku akiyalaani magoti moja moja, lakini ndani ya maji alikwenda ukuta hadi ukuta kama msichana anayewahi shule. Kwa miaka kumi na mmoja walikuwa na desturi yao. Bibi husimama kwenye ngazi ya juu ya bwawa, taulo begani, na kuuliza, "Maji yakoje, fundi?" Klorini huchota kidogo kwenye kichupa, akadondosha dawa ya kupimia, akatazama rangi. Akisema "Bado, Bibi," Bibi hurudi kitini bila kuuliza kwa nini. Akisema "Mazuri, Bibi," basi mguu unaingia.

Aliyekuja kuvuruga ni mkwe wa Bibi, mume wa binti yake wa pekee, mtu wa sauti kubwa, wa wale wanaosoma maandishi ya boksi na kukitupa kijitabu cha maelezo. Jumapili moja palikuwa na wageni, ukoo mzima umejaa uani, mtoto wa mkwe akatoka majini macho mekundu. Mkwe akainua ndoo ya dawa juu kama anaipiga mnada.

"Tazameni sumu anayotuwekea huyu!"

Klorini angenyamaza yangekwisha. Lakini kwenye mambo ya kazi yake ulimi haukuwa na breki. "Klorini safi haiwashi macho hivyo, bosi. Inayowasha ni ile iliyokutana na jasho na mikojo. Watoto tisa wamo humo tangu asubuhi, na mlango wa choo sijausikia ukifunguka hata mara moja."

Wageni wakaangua kicheko. Mkwe hakucheka. Alimtoa nje pale pale, mbele ya umati, na ndoo yake mkononi, Bibi akiwa ndani kapumzika. Kisha akauzungusha mdomo wake mtaani: yule mtu anaharibu macho ya watoto. Nyumba mbili zikamfungia mlango. Ikabaki ya mwalimu mstaafu, aliyepakana ukuta na Bibi, na huyo alimbakiza kwa sababu masikio yake yalikuwa mazito na umbea haukumfikia.

Wiki iliyofuata mkwe akaleta mtambo wa shaba. Ni kisanduku kinachofungwa kwenye bomba, ndani yake vipande viwili vya shaba vinapitishiwa umeme kidogo, na shaba inayomeguka majini huua ule utando wa kijani. Klorini aliujua. Alikuwa amefanya kazi miaka miwili kwenye hoteli yenye mtambo kama huo, na hakuwa na ugomvi nao. Mtambo ni mzuri kwa anayeuelewa: unaacha klorini kidogo ya kuua vijidudu, unapima shaba kila wiki, na kirungu cha kuongezea shaba hukipandishi ovyo. Mkwe aliikata klorini yote na kukizungusha kirungu mpaka mwisho. Kizuri, kwa akili yake, kikizidi ndiyo kizuri zaidi.

Kila Jumanne Klorini alipanda jiwe la nyuma ya pampu ya mwalimu akachungulia. Wiki za kwanza maji yalikuwa kama kioo, na mkwe akapita mtaani kifua mbele. Klorini akasubiri. Wiki ya tano yakaanza kuingia ubuluu. Ya saba, ngazi zikatoka madoa ya kijivu. Roho yake ilikuwa ikisuuzika doa kwa doa.

"Si uende ukawaambie?" mkewe alimuuliza.

"Niwaambie nini? Mimi si sumu? Sumu haina mdomo."

Jumanne hiyo hiyo ya wiki ya saba, Bibi alimwona kichwa juu ya ukuta. Akasogea na mkongojo wake, taulo begani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Walikutoa bila kuniuliza, na nimewaambia utarudi. Wavu wako wa kuopolea majani bado nimeutundika." Akayageukia maji. "Maji yakoje, fundi?"

Klorini aliyatazama maji. Kisha akazitazama nywele za Bibi, na kwenye ncha, karibu na shingo, akaona ukijani mwepesi umeanza. Alijua ni nini. Nywele nyeupe hazifichi shaba. Alijua pia kwamba akisema "Bado," mkwe ataita mtu, kirungu kitashushwa, madoa yatasuguliwa yakiwa mabichi, na aibu yote itaishia hapo. Wiki zote za kusubiri zingekuwa kazi bure.

"Mazuri, Bibi," alisema.

Bibi akaenda akaingia.

Wiki mbili baadaye mkwe mwenyewe alikuja ukutani, kashusha sauti. Jumapili ukoo ulikuwa unakuja tena na ngazi zilikuwa zinatia aibu. Dawa gani inafaa?

"Mwaga ndoo nzima ya klorini kwa mpigo," Klorini akamjibu, uso mkavu. "Utaona matokeo yake."

Hakudanganya. Shaba iliyojaa majini ikipigwa na klorini nyingi namna hiyo haibaki majini, inaganda kwenye sakafu. Jumapili wageni walikuta bwawa jeupe limekuwa na mabaka meusi kama sufuria la kuni, na Bibi kaketi kando yake, kichwa kizima kijani, wajukuu wakigombea kumwita Kasuku. Klorini alikuwa juu ya jiwe lake. Alimwona mkwe akihangaika na brashi mbele ya watu wale wale, jasho likimtiririka, na alicheka mpaka akashika mbavu. Sitasema alifanya vibaya kucheka. Alikuwa ameipata siku aliyoitaka.

Jumatatu wakamwita. Hakuvuka geti. Alitaka kwanza mkwe apite kwenye zile nyumba mbili, kwa miguu yake, aseme kwa kinywa chake kwamba macho ya watoto hayakuharibiwa na mtu. Mkwe akapita. Kisha Klorini akayamwaga maji yote, akamkabidhi mkwe soksi iliyojaa vidonge vya vitamini C, ambavyo hung'oa madoa ya shaba, na kumwonyesha namna ya kusugua doa moja moja, magoti chini. Siku tatu alimsimamia. "Hapo umeruka, bosi," alimwambia kila alipoinua mgongo.

Siku ya nne sakafu ilikuwa nyeupe na maji mapya yamejaa. Klorini akachota maji kwenye kichupa chake, akapima, rangi ikaja ile anayoipenda. Bibi alikuwa kitini, kitambaa kichwani.

"Mazuri, Bibi," alisema, kabla hajaulizwa.

Bibi akakisogeza kitambaa nyuma.

"Nilikuuliza," alisema. "Siku ile, ukutani. Uliziona nywele zangu. Macho yako yalisimama hapa." Akagusa shingo.

Klorini akamwaga maji ya kichupa, akakifunga kizibo.

"Kazi nimekurudishia," Bibi akasema. "Fundi wa kukushinda hayupo, na yule mpumbavu nimemwambia hivyo. Lakini mimi humo siingii tena."

Nyumba zake nne amezipata zote. Mkwe akimwona hushika upande wa pili wa njia, na hilo bado linampa raha, hafichi. Kila Jumanne anapima maji ya Bibi mara mbili badala ya moja. Magoti yamekaza, siku hizi Bibi husogezwa kitini na binti yake. Huketi pale pale kando ya bwawa, akiyapa maji mgongo, na haulizi kitu.