Masafarjali Yaliyovundikwa

Mwaka wetu wa kwanza Maskati nilimkuta bibi mmoja wa kwetu Unguja kwenye duka la matunda, Matrah, amemwaga kapu zima mbele ya muuzaji. Yalikuwa masafarjali, matunda tusiyoyajua kwetu, ya manjano kama mapera, na harufu yake ilifika njiani.

"Nimeyavundika kwenye mchele siku kumi," alisema kwa Kiarabu chake cha Unguja. "Bado mawe! Na mimi Idi nna wageni, nataka kupika jamu."

Akaligonga moja juu ya ubao, ko! Muuzaji akajiziba mdomo kwa ncha ya kilemba, mabega yakitikisika.

"Mama," alisema alipopata pumzi, "hili halilainiki kwa kungojwa. Lipike na sukari, moto mdogo, mpaka ligeuke jekundu."

Bibi akaanza kuyarudisha kapuni, moja moja. "Na siku ile nanunua, mbona ulinyamaza?"

"Hukuniuliza, mama. Uliyabonyeza tu, ukanunua, ukenda zako."

Siku ya Idi niliila jamu ile nyumbani kwake, kwa mkate wa kumimina. Ilikuwa nyekundu kama komamanga, ina hiliki. Kando palikuwa na bakuli limefunikwa kawa, sisi wageni tumekatazwa kuligusa. Lilikuwa la muuzaji.

Mpaka leo wenzangu wa Unguja hunilalamikia kwamba mji huu mgumu, haulainiki. Mimi huwajibu kwa swali moja: mmeuliza watu, au mmejivundika tu ndani?