Saa Moja Iliyopotea Mpakani

Mutalemwa aliacha shule darasa la nne. Mengine alijifundisha mwenyewe. Miaka thelathini alipima kahawa ghalani Bweranyange, na hakuna mkulima aliyewahi kufika kabla yake. Vijana wa programu za simu pale Kayanga, waliomchukua awajaribie kazi yao vijijini, walimwita Mzee Saa.

Programu yenyewe ilipiga kengele kwenye simu za mawakala wa kahawa vijijini saa mbili asubuhi, ili wakulima watoe kahawa barabarani kabla lori halijapita. Kazi ikakamilika, ikaanza kutumika. Kumbe katika vijiji vya Kyerwa vilivyo mpakani, kengele ililia saa tatu. Lori lilikwishapita, kahawa ikalowa mvua.

Sasa walikaa kuitazama upya kazi hiyo. Kokuhirwa, kiongozi wao, akauliza kosa lilianzia wapi. Macho yote yakamgeukia Dastan, aliyeandika sehemu ya kengele.

"Wewe na saa wapi na wapi?" Theoneste akamchokoza. "Hata kazini unafika saa nne!"

Wakacheka. Dastan hakucheka, mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule.

Mutalemwa alijua lilikoanzia. Mpakani simu hunasa mtandao wa Rwanda, na saa yake hurudi nyuma kwa saa moja. Wakati wa majaribio ilirudi mara tatu, na mara zote aliirekebisha kwa mkono, akifuata saa yake ya mkononi na kuisonya simu. Hakumwambia mtu.

Akakumbuka zamani. Rubisi, pombe ya ndizi, ikiiva, aliyeitengeneza alionja kwanza mbele ya wote, na kama imeharibika alitamka mwenyewe. Siku hizi kila mtu na chupa yake ya dukani, anakunywa kwake, na mkosaji hajulikani.

Akasimama. "Mwacheni Dastan. Aliyeharibu ni mimi." Akaeleza yote, hata ile mara ya tatu.

Kisha Theoneste: "Yaani babu, simu ilikubishia saa wewe?"

"Ilinibishia, nikaivuta masikio."

Walipomaliza kucheka, Kokuhirwa akaandika ubaoni: programu ifuate saa ya Tanzania, si saa ya simu. Chini yake akaongeza: kila kikao, mwenye kosa aanze kulitaja. Dastan akabaki kazini.

Miezi minne baadaye walimaliza kazi nyingine, kule Rubwera, wakakaa tena kuitazama. Kabla Kokuhirwa hajauliza lolote, Dastan alisimama.

"Naanza mimi."

Mutalemwa akajiweka sawa kitini, kama mtu aliyeonjeshwa rubisi iliyoiva vizuri.