Posa ya Paka kwa Yuk-lan

Yuk-lan, jirani yangu anayeuza samaki wakavu hapa Sham Shui Po, karibu aliue duka lake kwa usafi. Tangu ule mwaka wa maradhi ya mapafu, Hong Kong nzima tulikariri kipimo kimoja: jiki moja, maji tisini na tisa. Wengine tulichoka tukaacha. Yeye alipiga deki asubuhi na jioni, na vitasa vya mlango akavipangusa mpaka vikachubuka.

Halafu paka wake Wingu akafa kwa ule ugonjwa wa paka wa kuhara na kutapika. Yuk-lan alilia mbele ya wateja bila haya. Daktari wa mifugo akamwambia ugonjwa ule ni sugu, hukaa sakafuni miezi mingi, na kipimo chetu hakiuwezi. Aoshe uchafu kwa sabuni kwanza, ndipo apake jiki moja kwa maji thelathini na mawili, aiache dakika kumi, kisha asuuze kwa maji matupu na kukausha. Yuk-lan aliondoka na habari ya jiki; ya kusuuza ilimpita.

Wakati huo paka wa Fung-yi, mpika tambi wa kona, alikuwa amezaa. Yuk-lan alimpenda yule wa kijivu kuliko nilivyowahi kumwona akimpenda binadamu, marehemu mumewe akiwemo. Kwetu paka hanunuliwi, huposwa: mama yake huletewa samaki waliotungwa uzi, na mwenye paka chumvi iliyofungwa karatasi nyekundu. Na Fung-yi, mkwe kwelikweli, alitaka kwanza kuiona nyumba, yaani lile duka.

"Wingu kafia humo, shoga. Binti yangu simtupi kaburini."

"Njoo ukague! Sakafu yangu utailia wali!"

Alikuja na binti kwenye kikapu, ameshachanjwa. Mimi nauza ubani mkabala. Niliacha duka wazi nikawafuata, ningekosaje? Sakafu ilikuwa chepechepe. Yuk-lan alikuwa ameiacha na jiki yake makusudi, mkwe ainuse mwenyewe. Machozi yalinitoka.

"Jamani, mnamuua nani humu?"

"Nyamaza, bibi ubani!"

Binti akaruka kutoka kikapuni. Wapo paka wanaolewa harufu ya jiki, na huyu alikuwa mlevi wa kuzaliwa. Alijibwaga, akagaagaa, akasugua mashavu, akarusha miguu hewani. Nilicheka mpaka nikashikilia gunia la samaki.

"Kapapenda!" Yuk-lan alipiga makofi. "Ona, anacheza ngoma!"

"Kalewa, mwehu wewe! Anajipaka sumu, halafu atajiramba!"

Fung-yi alimnyakua, akamwosha kwenye sinki huku paka akitutukana sote, akamviringisha kwenye aproni yake. "Posa imevunjika."

Yuk-lan alikaa chini, palepale penye maji. "Naogopa kusuuza," alisema. "Nikiacha kuisikia ile harufu, naona kama nimeyaachia maradhi mlango wazi. Wingu nilimpigia deki kila siku, na bado akafa."

Kicheko changu kilikwisha. Fung-yi akanisukumia mimi paka, akachukua ufagio wa deki.

"Inuka, shoga. Lete maji matupu. Jiki imeshafanya kazi yake, harufu haimlindi yeyote."

Walisuuza, wakafungua milango, wakawasha feni. Sakafu ilipokauka, pua yangu ikapata kitu ilichokuwa imekisahau: duka la samaki lilinuka samaki! Nilimshusha binti. Alinusa huku na huko, akapanda moja kwa moja kwenye trei ya kamba wa bei mbaya, wale ambao mteja akiwagusa kwa kidole hufukuzwa, akachagua mmoja na kuanza kutafuna.

Mkono wa Yuk-lan ulikwenda kwenye chupa ya jiki. Ukasimama njiani, ukarudi, ukamsogezea kamba mwingine, mnono zaidi.

"Kula, mwanangu," alisema, na Fung-yi akanyoosha kiganja kudai chumvi yake.