Bangi Yakataliwa Kwenye Foleni ya Dawa

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya zahanati huku Samuye, magoti yananitesa. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja ambaye mumewe ana saratani ya mifupa. Akageuka kutoka dirishani na panado mkononi, akasema, "Hizi ameshazimeza mpaka basi. Analia kama mtoto."

Babu mmoja akamwambia redioni wanasema kuna watu wanataka bangi iruhusiwe kuwa dawa, ipimwe na kutolewa kwa cheti cha daktari.

Weee! Foleni ikalipuka. "Laana hiyo!" akafoka kiongozi wa kwaya, huku akipiga ishara ya msalaba. "Bangi ni ya kuku tu, wakishikwa na kideri!"

Yule mama akafunga panado zake kwenye pindo la khanga, akaondoka. Nami udaku ukaniponya magoti, nikamfuata. Nikamkuta barabarani ameshazungukwa na foleni ileile. Kiongozi wa kwaya alikuwa anamnong'oneza, "Ng'wanawane, mwanangu, mchemshie kidogo tu. Ila usichukue ya huyu babu, imeota ukungu."

Babu akanuna. "Yangu nimeikausha kivulini! Yako ndiyo ya kuku."

Basi sheria haijaja, lakini wakaguzi wa ubora tunao.

Mama akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Na nikikamatwa, nani kati yenu atakuja kituoni kusema ni dawa?"

Sote tukakumbuka tumeacha sufuria motoni.