Benchi la Ziwa Nangoma

Mwaka 1974 ofisi ya utalii iligundua ziwa la Nangoma, kule karibu na Mahurunga. Sisi tuliozaliwa kando yake tulishukuru sana kuarifiwa kwamba lipo. Tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji kipya, hivyo bustani ya wageni ikapata nafasi tele: vijia vya kutembelea, kibao cha historia, na msimamizi, Bwana Athumani, aliyefunga tai kwenye jua lile.

Kibao kilimtaja mlowezi wa kwanza, Mzungu mmoja aliyelima pamba misimu miwili akatimuliwa na viboko wa ziwani. Marehemu Bi Esha, aliyevuka Ruvuma na jembe lake, akafyeka msitu ule na kulea watoto pale hadi kufa, hakuandikwa. Nadhani kosa lake ni kwamba hakukimbia.

Binti yake, Tabu Isihaka, aliajiriwa kufagia vijia. Bi Esha alizikwa papo hapo chini ya mkorosho, bila jiwe, na Tabu alikuwa na hofu moja tu, kaburi la mama yake lisije likakanyagwa. Akafanya tufanyavyo wote huku: akamwaga unga wa muhogo shinani mwa mti, akaomba dua. Vibarua waliotoka Mpapura, watu wa huku huku, walipouona unga ule walijua pana mtu amelala, wakakipitisha kijia mbali bila kuuliza.

Tabu akatulia. Nani asiyejua maana ya unga chini ya mti? Mafundi wa benchi la wageni, basi, waliotoka Dar es Salaam. Wao waliona alama nyeupe, wakadhani ni chokaa ya kuonyesha pa kujengea, wakamimina saruji pale pale. Mafundi hodari, hawakukosea hata kidogo.

Tabu alilia hadi sauti ikamkauka. Bwana Athumani akamweleza kwa upole kwamba benchi ni mali ya serikali, halibomolewi ovyo. Mama yake, kwa bahati mbaya, hakuwa mali ya serikali.

Siku wakubwa wa mjini walipokuja kutembezwa, Bwana Athumani aliwakaribisha kwenye benchi, akataka kuketi wa kwanza. Tabu akasimama mbele yake.

"Amkia kwanza," akamwambia. "Mama yangu amelala hapo chini. Huwezi kuingia kwa mtu ukamkalia bila hata shikamoo."

Bwana Athumani alilitazama benchi, akamtazama Tabu, kisha akavua kofia na kuinama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Tabu akaitikia kwa niaba ya mama yake, machozi yakimtoka.

Siku ile hakukaa mtu.