Fundi Bomba na Jibu Lililokwama Ubeti wa Tatu

Saa mbili kasorobo asubuhi, juu ya duka la vifaa vya umeme, watu wazima kumi na wanne wanapiga meza kwa viganja na kuimba Kiingereza. Mpishi anakosea mstari. Muuguzi anamcheka. Mwalimu, gitaa begani, hamwonei huruma yeyote.

"Sauti, jamani! Mteja hataki minong'ono!"

Ana miaka thelathini na minane, na huu ni mwaka wake wa tatu katika nchi ya watu. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Gitaa. Anafundisha vipindi ishirini na sita kwa wiki, na malipo yake, anasema, yanatosha kodi, chakula na nyuzi mpya za gitaa. Basi.

"Mama aliniuliza, 'Mwanangu, nimekusomesha ualimu ukaenda ng'ambo kuwaimbia watu?'" anasimulia. "Nikamwambia, mama, hawa wanakuja wametoka zamu. Ukiwapa sarufi wanasinzia. Ukiwapa wimbo wanaamka."

Nyimbo anazitunga mwenyewe, mmoja kwa kila kazi. Ule wa mafundi bomba ni wa kuulizana na kujibizana: panavuja wapi, nani amefunga maji, tangu lini. Baada ya wiki mbili, darasa zima liliujua kama majina yao.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Miezi minne iliyopita fundi bomba mmoja, baba wa watoto watatu mwenye miaka hamsini na mmoja, alikwenda kufanya mtihani wa mazungumzo ya Kiingereza. Kampuni yake ilikuwa imemwahidi kumfanya msimamizi wa mafundi wenzake akifaulu. Mtahini akamuuliza swali jepesi: bomba limeanza kuvuja lini? Fundi akafumba macho. Akawa anatikisa kichwa. Midomo ikacheza, sauti haikutoka.

"Jibu nilikuwa nalo," anasema. "Lakini liko ubeti wa tatu! Ilibidi nianze mwanzo. Nimefika ubeti wa pili, yule mama mtahini akaandika kitu, akaniambia asante, nenda."

Darasa lilicheka mpaka likatoa machozi. Mwalimu hakucheka. Alirudi chumbani kwake, akaujaribu wimbo ule ule kuanzia katikati, naye akakwama.

"Kosa lilikuwa langu," anasema bila kupindisha. "Nilimjengea nyumba ya mlango mmoja."

Tangu hapo anaukata wimbo. Anapiga gitaa, ananyamaza ghafla, anamnyooshea mtu kidole na kumtupia swali la ubeti wowote. Siku ya pili anabadilisha mwendo. Siku ya tatu gitaa linalazwa sakafuni, na swali linakuja kavu, kama la mteja mwenye haraka.

"Mwalimu, unatukatizia utamu!" mpishi alilalamika.

"Utamu kautafute jikoni kwako. Hapa tunatafuta majibu."

Fundi alibakiwa na nafasi moja tu. Kampuni ilishasema haitamsubiri mara ya tatu.

Leo saa nne ndiyo zamu yake. Mwalimu amesimama kwenye ngazi za jengo la mtihani, anang'ata kifuniko cha kalamu. Dakika kumi na mbili baadaye fundi anatokeza, shati limelowa jasho.

"Vipi, mzee wangu?"

"Ameanza na swali la mwisho. La mwisho kabisa!"

"Ukafanyaje?"

"Nikajibu. Akarudi la kwanza, nikajibu. Halafu akaniuliza habari za mke wangu, na mke wangu hayumo kwenye wimbo wowote."

"Ukanyamaza?"

"Ninyamaze, mimi? Nimemsema mke wangu mpaka mtahini akaniomba nipumzike."

Anafungua karatasi aliyopewa. Amefaulu, kwa alama mbili tu juu ya kiwango. Mwalimu anaisoma mara mbili, kisha anakaa chini kwenye ngazi.

Hakai sana. Wauguzi watano wa darasa lake wana mtihani wao baada ya wiki sita, na wimbo wao bado haujatungwa. Safari hii hataanza na gitaa. Ameomba ruhusa ya kukaa wiki nzima kwenye benchi la zahanati wanakofanya kazi, na daftari, asikilize maswali yanavyokuja.

"Nitaandika beti fupi fupi, kila mmoja usimame peke yake," anasema. "Mgonjwa akishikwa na maumivu hangoji ubeti wake ufike."